Mizani Ilikuwa ya Nani? Kazi na Maisha ya Watu wa Cornwall

Walimu wangu, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Miezi michache iliyopita nilikuwa Geita kwa mama mdogo. Mama mdogo alilea watoto wanne kwa kuponda mawe. Alikuwa akikaa chini ya turubai, mguu mmoja kaunyoosha, jiwe juu ya kipande cha chuma, nyundo mkononi, kanga kaifunga puani kuzuia vumbi. Siku hizi amepumzika, mikono imechoka. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya zamani sana: wasichana wa Cornwall, Uingereza, wamesimama kwa mstari kwenye uwanja wa mgodi, kila mmoja na nyundo yake, vichwani wana kofia nyeupe zinazofunika mpaka mashavuni. Aliitazama muda mrefu. Nilidhani ataniuliza walilipwa kiasi gani, au walizaa watoto wangapi. Aliniuliza hivi: "Mizani ilikuwa ya nani?"

Nimekuja Mwanza na swali hilo la mama mdogo. Nimealikwa niwaeleze jinsi watu wa Cornwall walivyoishi na kufanya kazi katika karne zilizopita, na nimeamua kuyapitia maisha hayo kwa macho yake, kwa sababu vitabu vingi juu ya Cornwall vinaanza na mashine. Mashine nitazigusa. Lakini ninyi mliokulia kati ya mwalo wa dagaa na duara la dhahabu mtaelewa kwa nini nataka kuanza na nyundo.

Cornwall ni rasi iliyochomoza kwenye pembe ya kusini magharibi ya Uingereza. Pande zote ni bahari, isipokuwa mashariki ambako mto Tamar unaitenga na Devon. Watu wake walikuwa na lugha yao, jamaa ya lugha ya Wales, na wala haikuwa Kiingereza. Dolly Pentreath, mama muuza samaki wa kijiji cha Mousehole aliyefariki mwaka 1777, hutajwa kuwa miongoni mwa wa mwisho waliokua wakiizungumza kama lugha ya nyumbani. Lugha ilipozimika, maneno ya kazi yalibaki midomoni. Mgodi uliendelea kuitwa bal. Neno wheal, lenye maana ya mahali pa kazi, lilitangulia majina ya migodi mingi: Wheal Jane, Wheal Coates, Wheal Prosper. Na wale wasichana wa kwenye picha waliitwa bal maidens, wasichana wa mgodini.

Chini ya ardhi hiyo kuna mawe ya matale, na katika nyufa za matale kulikuwa na bati na shaba. Bati lilichukuliwa huko tangu zama za kale, kwanza kwenye mchanga wa vijito, baadaye kwenye mashimo. Shaba ilipanda sana katika karne ya 18 na 19. Mwanzoni mwa karne ya 19 Cornwall na sehemu ya magharibi ya Devon zilitoa kiasi kinachofikia theluthi mbili ya shaba yote ya dunia. Fikirini: theluthi mbili ya dunia, kutoka kwenye ncha ya kisiwa ambayo unaweza kuivuka kwa gari kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni.

Sasa mchukueni msichana wa miaka 12 miaka ya 1840, tuseme karibu na Camborne. Anaamka kungali giza. Anatembea na wenzake kwa kundi, kilomita nne, tano, wengine zaidi, na wanatembea kwa kundi kwa sababu mashimo ya zamani yapo kandokando ya njia na hayana uzio. Miguuni amejifunga vitambaa kuzunguka muundi ili vipande vya mawe visimchane. Mikono nayo imefungwa. Kofia yake inaitwa gook: kitambaa kilichotandazwa juu ya kadibodi, kikashuka mpaka mabegani, kimkinge jua kiangazi na mvua ya baridi nyakati nyingine. Kazi inaanza saa moja asubuhi, ila majira ya baridi wanasubiri kwanza mwanga wa kutosha kuona jiwe, maana kazi yenyewe ni ya macho kama ilivyo ya mkono.

Jiwe linatoka shimoni kama lilivyovunjwa na baruti. Wanaume wanalipasua mapande makubwa kwa nyundo nzito. Kisha wanakuja wanawake wenye nguvu zaidi, wenye nyundo za mpini mrefu, wanavunja mpaka ukubwa wa ngumi. Halafu linakwenda kwa waliokaa. Hawa wana nyundo fupi, na kazi yao ndiyo inayonivutia kuliko zote: kulishika jiwe, kuligeuza, kujua kwa macho na kwa uzito wake mkononi ni upande gani una shaba na upande gani ni jiwe tupu, kuugonga upande tupu udondoke bila kupoteza lililo zuri. Kila pigo ni uamuzi. Akikosea kwa woga, mgodi unauza mawe. Akikosea kwa haraka, mgodi unatupa shaba. Hapakuwa na shule ya kazi hiyo, dada alimfundisha mdogo wake. Mwisho wanasimama wale wa nyundo bapa mbele ya bamba la chuma, wanaponda mpaka vipande viwe vidogo kama ncha ya kidole. Mchana kutwa. Waliopita karibu walisema kelele za nyundo zilisikika kabla mgodi wenyewe haujaonekana, na juu ya kelele hizo wasichana waliimba nyimbo za kanisani.

Kwa kazi hiyo msichana mdogo alipata peni 4 kwa siku, au pungufu kama ndiyo kwanza anaanza. Mwanamke mzima mwenye ujuzi mara nyingi hakuvuka shilingi 1, yaani peni 12. Mwaka 1842 bunge la Uingereza lilipokea ripoti kubwa juu ya watoto makazini, na daktari aliyetumwa Cornwall, Charles Barham, aliwasikiliza wasichana wenyewe wakieleza habari za mgongo, baridi na kukohoa. Sheria iliyofuata mwaka huo huo ilipiga marufuku wanawake kufanya kazi chini ya ardhi. Wanawake wa Cornwall haikuwasaidia kitu, kwani desturi ya kwao haikuwapeleka chini. Wao walikuwa juu, kwenye mvua, na huko sheria haikufika.

Mabwana wakubwa na wachungaji waliwalaumu kwa jambo moja: Jumapili walivaa vizuri mno. Aliyeshinda na nyundo siku sita alitoka siku ya saba na kofia yenye utepe na gauni safi, na kuna watu liliwauma. Nimesoma malalamiko hayo mara nyingi na kila mara nafurahi kwa ajili ya wale wasichana. Walipomaliza kazi jioni walifunga aproni nyeupe juu ya ile chafu, ndipo wakashika njia ya nyumbani. Hawakutaka kupita kijijini na vumbi la mtu mwingine.

Kwenye bati kazi ilikuwa tofauti kidogo. Mawe ya bati yalipondwa na magogo yenye vichwa vya chuma, yakiinuliwa na gurudumu la maji au mvuke na kuangushwa, usiku na mchana. Ndilo karasha la wakati huo. Kisha unga ule ulioshwa kwenye mabwawa ya mviringo, na kwa kuwa bati ni zito, lilitua karibu, mchanga ukaenda mbali. Wanaoosha dhahabu hapa wanaujua mwendo huo. Wasichana ndio waliosimama kwenye mbao za kuoshea, maji baridi mikononi. Makinikia ya bati yalichomwa kwenye tanuru ili kuondoa arseniki, sumu kali, nayo ilikusanywa kwenye mabomba marefu ya moshi ikauzwa. Waliotumwa kuikwangua walijipaka udongo usoni na kuziba pua kwa pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yao yote.

Nimekaa sana juu. Tushuke kidogo.

Mwanaume alishuka kwa ngazi. Kofia yake ilikuwa ngumu, ya manyoya yaliyogandishwa kwa utomvu, na mbele yake alibandika mshumaa kwa donge la udongo. Mishumaa mingine ilining'inia shingoni kwa utambi. Migodi iliendelea kwenda chini. Dolcoath, karibu na Camborne, ulipita pima 500. Kabla ya kuanza kazi ameshuka saa nzima, na baada ya kazi, joto la chini likiwa limemkamua, anapanda saa nzima au zaidi hadi kwenye upepo wa baridi. Wengi waliharibikia hapo, kwenye ngazi. Huko magharibi kabisa, Botallack na Levant, njia za mgodi zilikwenda chini ya bahari yenyewe, na siku za dhoruba wachimbaji walisikia mawe makubwa yakibingirika juu ya vichwa vyao kwenye sakafu ya Atlantiki. Baruti iliua na kupofua wengi mpaka mwaka 1831, William Bickford wa Tuckingmill alipobuni utambi salama, kamba yenye baruti ndani inayoungua kwa mwendo unaojulikana. Kwa maoni yangu, katika uvumbuzi wote wa Cornwall, huo ndio ulioacha macho mengi zaidi yakiona.

Mwaka 1842 mgodi wa Tresavean ulifunga chombo cha kupandisha watu: nguzo ndefu ya mbao yenye vijukwaa, ikipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Mchimbaji alisimama kwenye kijukwaa, akainuliwa hatua moja, akahamia jukwaa la pembeni, akasubiri, akaruka tena kwenye nguzo. Migodi michache mingine iliiga. Levant walikuwa nacho. Tarehe 20 Oktoba 1919, zamu ilipokuwa ikitoka, nguzo imejaa watu kuanzia juu hadi chini, kiungo cha chuma juu kabisa kilikatika. Walikufa watu 31. Nguzo haikurudishwa tena, sehemu za chini kabisa ziliachwa, na mgodi ulifungwa mwaka 1930.

Kuna habari nyingine ya chini ya ardhi ambayo kwetu si ngeni hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa Dolcoath walikuwa wanapauka, wanaishiwa pumzi, miguu imejaa vipele. Mwanasayansi J. S. Haldane alichunguza mwaka 1902 akakuta ni safura. Minyoo ile ile tunayopambana nayo hapa mashambani. Juu, baridi ya Uingereza ingeyaua mayai yake; chini kulikuwa na joto na unyevu, na vyoo havikuwepo. Mtu aliambukizwa kwa kushika ngazi ambayo mwenzake alikanyaga. Cornwall yenye baridi ilikuwa na tropiki yake ndani ya tumbo la ardhi.

Sasa mizani.

Wachimbaji wa Cornwall wengi hawakuwa na mshahara wa siku. Kulikuwa na waliolipwa kwa pima waliyochimba, na kulikuwa na waliochukua eneo kwa mgawo: wao wanachimba, madini yanauzwa, na katika kila pauni, yenye shilingi 20, wanapata shilingi kadhaa walizokubaliana. Makubaliano yalifanywa hadharani. Msimamizi, aliyeitwa Kapteni ingawa hakuwa na meli, alisimama mahali pa juu uwanjani na kutangaza eneo. Makundi yakapigiana mnada kwa kushuka: huyu anasema shilingi 10 kwa pauni, yule 9, mwingine 8. Kapteni akirusha kijiwe juu, neno la mwisho kabla kijiwe hakijagusa ardhi ndilo lililochukua kazi. Miezi miwili ya jasho la familia iliamuliwa kijiwe kikiwa hewani. Aliyebahatika kukuta jiwe tajiri alirudi na pesa ya kununulia ng'ombe. Aliyekosa alikuta deni, kwani mishumaa, baruti na kunoa vyuma alikatwa yeye, na alikuwa amekula kwa kukopa.

Na shaba iliuzwaje? Cornwall haina makaa ya mawe. Kuyeyusha shaba kulitaka makaa mengi, kwa hiyo mawe yalipakiwa melini kwenda Swansea, Wales, na meli zikarudi na makaa ya kulisha mashine za kuvuta maji. Wakala wa wenye viwanda vya Swansea walikuja Truro au Redruth, wakapewa sampuli, na siku iliyopangwa wakakaa meza moja. Kila mmoja aliandika bei yake kwenye karatasi, karatasi zikasomwa, ya juu ikashinda. Kisha mlo mkubwa, kwa gharama ya migodi. Wachimbaji walinung'unika kwa miaka mingi kwamba wanunuzi wachache waliozoeana, wanaokula pamoja, hawahitaji kunong'onezana ili kujua nani ataandika nini.

Mgodini kwenyewe kulikuwa na nyumba ya hesabu. Humo walikaa makarani na daftari, na humo wenye hisa walikuja kula na kugawana faida. Wengi wa migodi mikubwa walitumia sahani na vikombe vya aloi ya bati, vinang'aa mezani. Bati lile lile. Nilipomsimulia mama mdogo, hakushangazwa na mlo wala sahani. Alitaka kujua kama wale wasichana waliokaa na nyundo fupi walilipwa kwa siku au kwa kipimo. Nikamwambia mara nyingine kwa siku, mara nyingine kwa kipimo, kwa idadi ya matoroli. "Na toroli linajazwa mpaka wapi?" Nikamwambia mpaka msimamizi aridhike. Akasema, "Ehee." Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Tuache migodi, twende pwani, na huko nitakwenda haraka maana ninyi ni watu wa dagaa na mengi mtayajaza wenyewe.

Samaki wa Cornwall alikuwa pilchard, sardini mnene mwenye mafuta. Kuanzia mwisho wa kiangazi alikuja kwa makundi yaliyobadilisha rangi ya bahari. Juu ya jabali alikaa mlinzi, macho majini tangu alfajiri. Kibanda cheupe cha mlinzi mmoja bado kipo Newquay. Akiona doa jekundu-jekundu likisogea alipiga kelele: "Hevva! Hevva!" Neno la lugha ya zamani, la kundi la samaki. Mji mzima ulitoka mbio. Kutoka juu aliziongoza boti kwa matawi aliyoshika mikononi, kulia, kushoto, zunguka, tupa wavu, kwa sababu waliomo botini hawaoni anachokiona yeye. Inasimuliwa kwamba wake wa wavuvi wakisikia ukelele huo waliingia jikoni kukanda keki ya zabibu kavu na mafuta, iive mume anapotua. Keki hiyo ipo mpaka leo na inaitwa hevva.

Samaki wakishafika ufukweni, kazi inageuka kuwa ya wanawake na watoto. Walipanga pilchard kwenye ua wa nyumba za kuhifadhia: tabaka la chumvi, tabaka la samaki, vichwa nje, tabaka la chumvi, mpaka ukuta wa samaki ufike kifuani. Usiku kucha, kwa mwanga wa mishumaa, kwa kuwa samaki hasubiri asubuhi. Ukuta ulikaa takriban mwezi, mafuta na maji ya chumvi yakichuruzika kwenye mfereji hadi kwenye shimo. Kisha walioshwa, wakapangwa kwenye mapipa, pipa moja samaki wapatao 3,000, wakakandamizwa kwa mawe yaliyoning'inizwa kwenye mti mpaka mafuta yatoke tena. Mafuta yaliwasha taa. Samaki walikwenda Italia, kwa Wakatoliki wenye kufunga nyama, na watu wa Cornwall, ambao wengi walikuwa Wamethodisti, walimtakia Papa afya njema kwa moyo wote.

Umethodisti huo ulishika mizizi kweli. John Wesley, mwanzilishi wake, alifika mara ya kwanza mwaka 1743, akapigwa mawe. Baadaye alihubiri mara 18 kwenye bonde la Gwennap, shimo lililotokana na ardhi kutitia juu ya mgodi. Wavuvi wa Newlyn hawakuvua Jumapili. Mwezi Mei 1896, boti kutoka mashariki ya Uingereza zilipoleta samaki waliovuliwa siku hiyo na kuharibu bei ya Jumatatu, watu wa Newlyn walipanda kwenye boti hizo na kuwamwaga samaki baharini, na serikali ikapeleka askari. Wengine huieleza kama ugomvi wa dini. Mimi naona dini na bei ya samaki vilikuwa kwenye kapu moja.

Nikitaja kapu, siwezi kuondoka pwani bila Mary Kelynack, muuza samaki wa Newlyn. Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda London. Yeye alikuwa na miaka 84. Aliweka kapu lake kichwani akatembea kwa miguu, zaidi ya kilomita 400, akachukua wiki kadhaa. Meya wa London alimpokea, na Malkia Victoria alimwona. Kwenye maonyesho yale zilikuwapo mashine za kila aina, mawe ya madini ya kila nchi. Bibi kizee wa samaki alikwenda kuyaona mwenyewe.

Walikula nini? Aliyekuwa na uwezo alibeba pasty, ndugu mkubwa wa sambusa, unga wa ngano umekunjwa juu ya nyama, viazi na kitunguu, ukingo umesukwa kwa vidole. Asiyekuwa nao alibeba hoggan, donge la unga wa shayiri, gumu, pengine na kipande cha kiazi ndani. Wasichana wa mgodini walipasha madonge yao kwenye oveni moja, kila mtu na alama yake. Mwaka 1847 viazi vilikuwa vimeoza kwa ugonjwa na nafaka imepanda bei, huku meli zikipakia nafaka kwenda kuuzwa kwingine. Wachimbaji waliandamana mpaka bandarini Wadebridge na kwenye masoko ya miji mingine kudai nafaka iuzwe kwa bei wanayoimudu. Waliochimba shaba ya dunia walikuwa na njaa ya shayiri.

Halafu ikaanguka. Shaba ya bei nafuu ilitoka Chile, Marekani na Australia, na mwaka 1866 bei ilishuka, mabenki yakayumba, migodi ikafungwa kwa mfuatano. Bati lilishikilia kidogo, mpaka bati la Australia na Malaya likafika. Watu waliondoka. Walikwenda Moonta na Burra huko Australia Kusini, Michigan, Grass Valley huko California, Real del Monte nchini Meksiko, na mwisho kwa wingi kwenye dhahabu ya Johannesburg. Popote penye shimo alikuwepo mtu wa Cornwall, na akiulizwa kama anamjua fundi mwingine, alimtaja binamu yake Jack, mpaka wote wakaitwa Cousin Jack.

Mke alibaki. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wenu mna mtu aliye Oman, Dubai au Marekani na mnajua simu ya mwisho wa mwezi. Katika Redruth na Camborne, miaka ya 1890, siku ya posta ya Afrika Kusini ndiyo ilikuwa siku ya wiki. Wanawake walikusanyika. Barua ikija na hundi, duka linalipwa, viatu vinanunuliwa. Isipokuja, mwenye duka anaangalia pembeni. Wengine walitumiwa miaka yote. Wengine waume walinyamaza moja kwa moja, wakabaki si wajane wala si wake. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, pesa zilikatika karibu kwa mpigo mmoja.

Barua hiyo ilichukua karibu wiki tatu baharini. Sasa tazameni. Kwenye ghuba ndogo ya Porthcurno, Cornwall, mwaka 1870 ulitua waya wa telegrafu uliounganisha Uingereza na India. Mwaka 1879 waya uliongezwa kutoka Aden, ukateremka hadi Zanzibar na kuendelea mpaka Afrika Kusini. Ndiyo, Zanzibar yetu. Kwa waya ule habari ya dhahabu na bati ilifika London siku ile ile. Ilipita chini ya miguu ya wale wanawake, katika mchanga wa kwao wenyewe. Wao walikuwa wakisubiri meli.

Na wanaume waliorudi, wengi walirudi kufa. Nyundo za mashine zilipasua mwamba haraka na kuujaza mgodi vumbi kavu la jiwe. Haldane huyo huyo, katika ripoti ya mwaka 1904, alionyesha kwamba waliotumia mashine hizo, hasa waliopitia migodi ya Transvaal, Afrika Kusini, walikuwa wakifa wangali vijana, mapafu yamegeuka jiwe. Ukipita makaburini Cornwall, utasoma umri.

Dolcoath ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Geevor ulifungwa mwaka 1990, na South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati, mwaka 1998. Mwaka 2006 UNESCO iliyatia mandhari hayo ya migodi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii wanapiga picha majumba ya mashine, marefu, ya matale, dohani zimesimama juu ya majabali na bahari nyuma yake. Ni mazuri kweli.

Lakini mkibahatika kufika, msiishie kwenye dohani. Tembeeni hatua chache pembeni, mpaka kwenye lundo la vifusi ambako majani hayajataka kuota. Inameni mwokote kipande. Ni kidogo, kama ncha ya kidole, na upande mmoja ni bapa. Mimi nilikiweka kimoja kwenye kiganja cha mama mdogo, katika picha tu, kwenye simu, nikaikuza mpaka ikajaa kioo. Alikitazama akageuza simu kidogo, kama anayetafuta upande wenye madini. Akasema, "Huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Asanteni sana kwa kunisikiliza.